Kadi ya mpiga kura imepotea: kilichokubalika kituoni Tanga

Uchaguzi wa 2020, Tanga mjini. Kadi ya mama ilipotea, na karani akamzuia. Ripoti ya polisi haikusaidia, wala picha ya kadi kwenye simu.

Tume ya Uchaguzi iliruhusu pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, kwa aliyeandikishwa kituo hichohicho. Kitambulisho cha taifa nacho kikakwama! Kilisema Mwanahamisi, Daftari la wapiga kura likisema Mwanakhamisi. Ni hiyo “k” tu: majina lazima yalingane hadi herufi. Majina yetu ya pwani huandikwa kila namna, kwa hiyo soma orodha ya wapiga kura iliyobandikwa kituoni, herufi kwa herufi, kisha chagua kitambulisho kinachofanana nayo. Pasipoti yake ilikuwa na “k”. Akapiga kura kabla ya saa 10 jioni.