Mahojiano ya Tume ya Utumishi wa Umma: alama ziko wapi

Jina lako likishatokea kwenye orodha ya walioitwa kuhojiwa na Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ya Kenya, usitegemee shahada ikubebe. Wote walioitwa wametimiza masharti ya elimu. Rudi kwenye tangazo la kazi, kwa sababu majukumu yaliyoorodheshwa pale ndiyo kazi ambayo jopo linataka kujua kama utaimudu.

Lichapishe. Kando ya kila jukumu andika jambo moja ulilowahi kulifanya: shida ilikuwa nini, ulichukua hatua gani, na mwishowe ni nini kilichobadilika, kwa hesabu unayoweza kuithibitisha. Wengi hujikwaa hapa. Husimulia "tulifanya, tulipanga, tulifaulu" hadi jopo likose kujua mchango wao ni upi. Sema ulichofanya wewe. Jibu la dakika mbili hivi linatosha.

Kisha Katiba. Kifungu cha 10 kinataja maadili ya kitaifa, na cha 232 kanuni za utumishi wa umma. Kuzikariri si vibaya, lakini anayezitaja tu kama shairi hajajibu kitu. Tazama 232 kwa makini: aya ya (g) inataka uajiri ufuate ushindani wa haki na sifa, ila imewekwa chini ya (h) na (i), zinazotaka jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe, na wanawake, wanaume, makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa. Ukiulizwa kama mwenye alama za juu ndiye aajiriwe kila mara, jibu lianzie kwenye mpangilio huo.

Jambo jingine linalochanganya watu ni tofauti kati ya afisa wa Serikali na afisa wa umma. Kifungu cha 260 kinawataja maafisa wa Serikali: Rais, mawaziri, makatibu wa wizara, wabunge, magavana, majaji na wengineo. Kila mmoja wao ni afisa wa umma, lakini karani au mhasibu wa wizara ni afisa wa umma pasipo kuwa afisa wa Serikali. Ukiwachanganya wawili hawa unapozungumzia Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na maadili, utaonekana umeisoma juujuu.

Maswali ya hali halisi ndiyo yenye uzito, kwa maoni yangu. Mfano: mkubwa wako anakuagiza uidhinishe malipo ya bidhaa ambazo hazijafika. "Nitakataa" pekee ni jibu fupi mno. Taja unachokagua kwanza, yaani hati ya kupokea bidhaa na cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji. Eleza utakavyomjulisha mkubwa huyo kwa heshima kwamba sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hairuhusu malipo hayo, utakavyoomba agizo kwa maandishi, na mahali utakakolipeleka jambo hilo akisisitiza: kwa katibu wa wizara, kisha EACC, yaani tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Jopo linataka kusikia mfuatano.

Stakabadhi zianze mapema. Beba vyeti halisi na kitambulisho, pamoja na vibali vya KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), EACC, CRB (kampuni za kumbukumbu za mikopo) na cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), kama barua ya mwaliko itakavyoagiza. KRA ndiyo huwakwamisha vijana: walichukua PIN, yaani namba ya mlipa kodi, wakiwa chuoni, hawakuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, hata mara moja. Hata asiye na mapato huwasilisha ritani ya sufuri kufikia Juni 30 kila mwaka. Akichelewa, faini ni kuanzia shilingi 2,000, na bila kusafisha rekodi hiyo kibali cha KRA hakitoki. Kwa cheti cha tabia njema, omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja, kisha upeleke alama za vidole kwenye Kituo cha Huduma au makao makuu ya DCI, barabara ya Kiambu. Majina yakitofautiana kati ya kitambulisho na cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), tafuta hati ya kiapo kabla ya siku hiyo.

Ukipigiwa simu na mtu anayedai "kukupenyeza" kwa ada, kata. PSC haitozi pesa, na kutafuta upendeleo kwa njia yoyote hukuondoa kwenye kinyang'anyiro. Jumba la Tume liko Harambee Avenue, katikati ya jiji la Nairobi; ukitokea Thika Road au Waiyaki Way asubuhi, panga kushuka mjini saa nzima kabla ya muda wako, maana kuna ukaguzi mlangoni.