Herufi H Kando ya Mwaka

Tangu nihamie Birmingham, Jumamosi zangu nyingi huishia mbele ya bakuli la sarafu za shaba katika duka la vitu vikuukuu, ambamo peni zilizoachwa kutumika Uingereza ilipoingia mfumo wa desimali mwaka 1971 huuzwa kwa bei isiyozidi ya kikombe cha chai. Wenye fedha huiota peni ya mwaka 1933, ambayo zinazojulikana hazifiki kumi. Mimi hutafuta herufi.

Chukua peni ya mwaka 1912, 1918 au 1919, igeuze upande wa Britannia, yule mwanamke aliyeketi na ngao yake, kisha tazama kushoto kwa tarakimu za mwaka. Baadhi zina H ndogo, kwa kuwa kiwanda cha serikali kule London kilielemewa, sehemu ya kazi ikapewa kampuni ya Heaton ya hapa Birmingham. Na baadhi ya zile za 1918 na 1919 zina KN, yaani King's Norton, kiwanda kingine cha mji huu huu.

Herufi hizo nilizijua tangu utotoni Tanga. Marehemu babu alitunga kwenye kamba senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, na miongoni mwake ilikuwamo ya mwaka 1922 yenye H na ya 1925 yenye KN. Shilingi yetu wakati huo ilikuwa na thamani sawa na ya Waingereza, ila wao waliigawa kwa peni 12, sisi kwa senti 100.

Heaton naye alianza kwa mitambo ya mvuke aliyoinunua mnadani mwaka 1850, iliyotoka katika kiwanda cha Matthew Boulton, aliyetengeneza mwaka 1797 peni nzito ya takriban gramu 28, yenye ukingo mpana uliofanya watu waiite gurudumu la mkokoteni. Ninayo moja, imesagika hivi kwamba uso wa Mfalme George wa Tatu unatambulika kwa kupapasa kuliko kwa kutazama, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Anayeanza namsihi asisugue sarafu kwa ndimu wala majivu, kwani weusi ule ndio ngozi yake, na ukiondoka haurudi. Mpaka sasa nimepata H za miaka yote mitatu na KN ya 1918. Ya 1919 bado naitafuta.