Mama wa ufukweni Sado

Jana usiku nimetazama filamu ya Kijapani ya mwaka 1954, Sansho the Bailiff, ya mwongozaji Kenji Mizoguchi, na mpaka sasa moyo haujatulia. Mama aliyeuzwa mbali na wanawe amekaa chini ufukweni, kisiwani Sado. Macho hayaoni tena, sauti imekauka, bado anawaita wanawe kwa majina. Kijana wake anapomfikia, hasadiki, anadhani anachezewa. Mpaka anapowekewa mkononi kisanamu cha urithi wa familia yao, akakipapasa, ndipo vidole vinapanda usoni kwa mwanawe. Nililia jamani.

Aliyeigiza mama huyo ni Kinuyo Tanaka, mzaliwa wa Shimonoseki, 1909. Alianza enzi za filamu bubu akiwa na miaka 14 tu. Mwaka 1931 akawa nyota wa filamu ya kwanza ya Kijapani yenye sauti mwanzo mpaka mwisho. Kilichonigusa zaidi: kuanzia 1953 aliongoza filamu zake mwenyewe, sita, wakati kiti cha mwongozaji kilikuwa cha wanaume. Tamasha la filamu la Berlin lilimtunuku tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1975, akiwa na miaka 65!

Sasa nazitafuta hizo sita. Mwenye nazo anishtue.