Nyumba ya kifahari inayopitisha upepo: nilivyoifanya fleti ya Nyali

Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu hapa Mombasa, na ombi ninalolisikia zaidi siku hizi ni la nyumba ya kifahari. Anayeomba huwa tayari ana picha kwenye simu: makochi meupe, marumaru inayong'aa mpaka ujione uso, dari ya jipsamu ya ngazi ngazi yenye taa za rangi zilizofichwa. Picha zenyewe ni nzuri. Lakini nyingi zimepigwa kwenye nyumba zinazofungwa madirisha mwaka mzima, na sisi tunaishi ufukweni, ambako chumvi hula bawaba na unyevu huvimbisha mlango mpaka ukakataa kufunga.

Fleti ninayotaka kuieleza iko Nyali, ghorofa ya juu, ya mume na mke waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi Ghuba. Mama wa bwana anakaa nao. Fedha zilikuwapo, haraka ilikuwapo, na picha pia. Mke alinionyesha kazi za Kelly Wearstler wa Los Angeles, yule anayechanganya marumaru zenye mishipa mikali, shaba na viti vya maumbo yasiyozoeleka, kila kona ikiwa na la kusema. Mume akapenda kinyume chake kabisa, Vincent Van Duysen wa Antwerp, ambaye tangu 2016 ndiye anayeongoza ubunifu wa kampuni ya samani ya Molteni&C: kuta tupu, mistari iliyonyooka, vitu vichache.

Ingekuwa rahisi kugawa vyumba, sebule ya huyu na chumba cha kulala cha yule. Niliwaomba tuziweke simu kando kwanza. Nimewafuatilia wabunifu hawa kwa muda mrefu, na ninachoamini ni kwamba cha kujifunza kwao ni vile wanavyoanza kazi, kabla kitu chochote hakijanunuliwa. Ilse Crawford wa London, aliyekuwa mhariri wa kwanza wa jarida la Elle Decoration la Uingereza mwaka 1989, huanza na mwili wa mtu: mkono utashika nini, mguu utakanyaga nini, watu wataketi vipi wakitaka kuzungumza. Karl Fournier na Olivier Marty wa Studio KO walipofanya jumba la makumbusho la mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent mjini Marrakech, lililofunguliwa 2017, walipanga matofali ya udongo wa Moroko yakafanana na mfumo wa nyuzi za kitambaa. Axel Vervoordt, Mbelgiji mwingine, wateja wake ni matajiri wa kutajika, na bado kuta zao huzipiga chokaa na udongo na kuwawekea mbao kuukuu zenye nyufa zake.

Na kwa mtu wa bahari hii yetu, ninayemweka juu ya wote ni Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, aliyezaliwa 1919 na kufariki 2003. Alianza maisha kama mwanasheria, akawa msanifu majengo, na nyumba zake alizipanga kwa ua, kivuli na mapito ya upepo. Nikiangalia picha za nyumba yake ya Colombo, naona kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba za mawe za Lamu. Joto lao ndilo letu. Kwa nini nikatafute majibu kwenye nchi za theluji?

Basi sikuanza dukani. Nilikwenda kukaa kwenye fleti tupu saa nane mchana, wakati kusi inavuma. Upepo uliingia vizuri kwa dirisha la sebule, ukafika katikati, ukafa. Mjenzi alikuwa ameziba njia ya kwenda jikoni kwa makabati yaliyofika hadi darini. Tuliyaondoa. Mahali pake seremala wa Mji wa Kale akatengeneza kiambaza cha msaji chenye mbao zilizopishana na kuacha matundu, mfano wa zile za roshani za kwao. Hewa inapita moja kwa moja mpaka dirisha la nyuma, na mwanamke anayetoka jikoni haonekani na mgeni aliyekaa sebuleni. Mume aliposimama pale akasikia ubaridi kifuani, mjadala wa kiyoyozi cha sebule ukaisha wenyewe. Vyumba vya kulala tukaviachia viyoyozi vyao.

Dari ya ngazi ngazi pia tuliiacha kwa sababu hiyo hiyo. Sebule ina kimo cha mita 2.8. Jipsamu ya kwenye picha ingekula karibu nusu mita, na pangaboi linahitaji mapanga yake yawe zaidi ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na juu yake pia libaki na nafasi ya kuvuta hewa. Nilichora vipimo ukutani kwa penseli, kimo cha dari na kimo cha mapanga, nikamwomba bwana anyooshe mkono juu. Alielewa bila maneno mengi.

Kilichonipa kazi zaidi ni ukuta mkubwa wa sebule. Nilitaka niru, ile chokaa ya kusuguliwa ambayo wazee wetu waliipaka kwenye nyumba za matumbawe. Mke alitaka karatasi ya ukutani yenye dhahabu kutoka ng'ambo. Nilijua karatasi ile kwenye unyevu wa Nyali itaanza kujikunja pembeni na kufuga kuvu nyuma, na nilimwambia hivyo, lakini maelezo hayamfanyi mtu akapenda kitu. Nikampeleka Mji wa Kale, kwa jamaa zangu, adhuhuri. Nilimwomba aweke kiganja ukutani. Ukuta ule ni mzee kuliko sisi wote mle ndani, laini, na wa baridi wakati barabara nje inachoma. Akauacha mkono pale muda mrefu. Kisha akauliza, "Kuna fundi bado anayeweza hii?"

Yupo, na ni wa kutafutwa. Mzee niliyempata alikuja na vijana wawili, akakataa kuanza mpaka madirisha yafungwe, kwa kuwa upepo ukikausha uso wa ukuta kabla ya ndani, zinatoka nyufa nyembamba kama nywele. Walipiga lipu ya chini, wakaikwaruza ishike, wakaiacha ikae. Siku ya niru yenyewe walianza alfajiri. Chokaa iliyolowekwa siku nyingi, saruji nyeupe kidogo, inapakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linawahiwa kabla la chini halijakauka. Ukuta mzima lazima uishe kwa mkupuo mmoja. Ukisimama katikati kwenda kula, alama ya kiungo itaonekana maisha. Nilipomuuliza kama nimletee chai, akasema, "Mwanangu, chai itangoja, huu haungoji."

Baadaye inakuja kusugua. Mwiko wa chuma unalazwa karibu sambamba na ukuta, mkono unakandamiza, na kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu sauti inabadilika. Mkwaruzo unageuka mlio mwembamba, mkavu, na pale pale mng'ao unatokea kutoka ndani ya chokaa, bila tone la vanishi. Nilisimama nyuma ya mzee nikaona kivuli cha mkono wake kikitokea ukutani. Baada ya hapo ni kunyunyizia maji polepole kwa siku kadhaa. Chokaa inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, tena inaruhusu unyevu kuingia na kutoka, jambo ambalo rangi ya plastiki hailiwezi. Kwa hiyo ukuta huu hautabambuka. Van Duysen wa bwana tumempata humo, kwa mikono ya mzee wa Mji wa Kale.

Kwenye ukuta huo tuliacha zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, chache na kubwa kuliko za zamani. Nyumba za Lamu za karne ya 18 zilijaa zidaka ndani kabisa, zikibeba kauri za China na vyombo vya thamani. Mama wa bwana alikuwa na sahani za mamake zimefungwa kwenye sanduku. Sasa ziko hapo, na taa ndogo ya mwanga wa joto, kelvini 2700 kwa kipimo cha rangi ya mwanga. Hili la taa nalisisitiza kwa kila mteja, kwa sababu taa nyeupe kali za kelvini 6500 ambazo maduka mengi hukuuzia hufanya chakula kionekane kimechina na nyuso zionekane zimeumwa, hata kwenye sebule iliyogharimu mamilioni.

Sakafu tulimwaga terazo, baada ya injinia kuthibitisha kwamba sakafu ya jengo inabeba uzito. Mke alipata vipande vyake vya marumaru ndani yake na michirizi ya shaba inayogawa vyumba. Mume akapata uso mmoja usio na viungo vya vigae. Inasafishwa kwa maji. Choo cha wageni nilimpa mke afanye atakavyo, nikamkumbusha mbunifu India Mahdavi, ambaye mwaka 2014 aliufanya ukumbi mmoja wa mkahawa wa Sketch mjini London uwe wa waridi kila upande na watu wakamiminika. Akachagua manjano iliyokolea, kuta, dari na mlango. Chumba kidogo kinabeba ujasiri ambao sebule isingeuweza.

Jikoni ndipo nilipojivunia zaidi. Mpango wa awali ulikuwa kaunta ya marumaru nyeupe. Hapa kwetu ndimu na ukwaju haviishi jikoni, na marumaru ni mawe ya aina ya chokaa, asidi inaichubua na alama haitoki kwa kufuta. Tukaweka graniti. Lakini bibi mzee alipoingia kukagua hakuangalia kaunta. Alitazama chini, akazunguka, akasema, "Mwanangu, pazuri. Mbuzi nitaikalia wapi?"

Hakuna mbunifu wa jarida lolote aliyewahi kuulizwa hivyo, na ndilo swali la Ilse Crawford lenyewe. Tuliondoa kabati moja la chini karibu na mlango wa nyuma, tukatengeneza pembe ya kukaa: sakafu imepandishwa kidogo, sehemu ya mgongo ya msaji, droo pana ya kulaza mbuzi na kawa, bomba fupi la kuoshea, na dirisha usawa wa uso wake akiwa amekaa. Anakuna nazi akiona bahari. Wageni wakija, mke huwapeleka pale kabla hajawaonyesha sebule.

Vyuma vyote vya nje na vya bafuni ni stenlesi ya daraja la 316, ambayo ina molibdenamu na hustahimili chumvi kuliko ile ya 304. Bei yake inauma, na nilipigania kila skrubu. Fedha hizo tulizitoa kwenye karatasi ya dhahabu na jipsamu.

Jirani wa ghorofa ya chini ameshanitafuta, anataka "ukuta ule ule". Nimemwambia kwanza nitakwenda kukaa kwake mchana nione upepo unafia wapi. La pili nimeliandika kwenye mkataba: mzee atalipwa ujira wa ualimu juu ya ujira wa kazi, na wale vijana wake wawili watapewa ukuta mmoja wausugue wenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Jirani ameuliza ukuta gani. Wa chumba chake cha kulala, nimemwambia, na amekubali.