Abiria wa Mokowe

Nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi, mwalimu alitupa kazi ya likizo: tafuteni mahali watu wanaposubiri huduma, mpime, kisha mpaige kwa kompyuta. Wenzangu wakakimbilia benki na viwanda vya Mombasa. Mimi nikarudi kwetu Lamu, nikakaa jeti ya Mokowe, ambapo mtu wa bara hungoja boti ya kumvusha mjini. Ami yangu alikuwa nahodha pale.

Siku 3 nilikaa ukutani na daftari, nikiandika dakika ya kila abiria. Wastani ukatoka mtu mmoja kila dakika 2. Boti ya ami huondoka ikijaa watu 20. Darasani tulikuwa tumesoma habari za Erlang, Mdenmaki aliyeandika mwaka 1909 kuhusu simu za Copenhagen: zinaingia ovyoovyo, hakuna anayejua ya mwenzake. Nikachukua dhana hiyohiyo, nikaandika programu. Jibu: abiria husubiri dakika 19 kwa wastani. Nilifurahi, maana hata kwa kalamu hesabu ilikuja hivyohivyo.

Kisha nikafungua daftari kulinganisha. Wengi walikuwa wameondoka chini ya dakika 10. Wachache walikaa saa nzima na zaidi, akiwemo mama mmoja na kuku wake kikapuni. Wa dakika 19 sikumwona.

Nilimwendea ami akisafisha injini. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mwanangu, wahesabu watu au wahesabu basi?"

Hapo ndipo nilipoona aibu. Wapigaji simu wa Copenhagen hawakuwa wakishuka kwenye basi moja! Basi la Mombasa likifika, watu 40 wanamwagika kwa mkupuo, boti mbili zinajaa papo hapo, na anayechelewa kununua maji dukani ndiye anayebaki kungoja basi lijalo. Wastani wangu ulikuwa sahihi. Mtu mwenyewe ndiye hayupo.

Usiku huo nikavunja programu yote. Safari hii tukio la kwanza likawa basi kufika, la pili boti kujaa, la tatu boti kurudi. Kilichonipendeza (bado kinanipendeza) ni saa ya simulesheni, yaani ya ule uigaji wa kompyuta: haitembei, inaruka. Tukio likiisha inarukia linalofuata, na kimya cha katikati hakigharimu kitu, hivyo siku 500 za Mokowe zilipita kabla chai yangu haijapoa. Matokeo yakafanana na daftari, pamoja na wale wachache wa mkiani, waliongoja saa nzima na zaidi.

Nikajaribu kuwasaidia. Boti ikiondoka na watu 10 badala ya 20, ngoja ya wale wa mwisho ilipungua mno. Asubuhi nikamwonyesha ami ile grafu, nikamweleza kwa mbwembwe zote za mwanafunzi.

Akaitazama kwa adabu. "Na mafuta ya hizo safari mara mbili, hiyo kompyuta yayatia wapi?"

Sikuwa nimeyatia popote. Kwenye programu yangu boti ilivuka bure.

"Panda," akasema. Ndani tulikuwa 18. Tukangoja wawili.