Siku moja na mitutu miwili: kahawia au buluu?

Saa 12 asubuhi. Kabla ya lolote naenda kufungua sanduku la unyevu, ambamo mitutu ya bunduki ninayoitia rangi huoteshwa kutu makusudi. Ndani umening'inia mtutu wa pembe nane wa gobore la mtindo wa Hawken, ile bunduki ya ndugu Jacob na Samuel Hawken, mafundi wa St. Louis, Marekani, karne ya 19. Jana usiku niliupaka tindikali kwa mara ya 3. Leo umeota kutu laini ya rangi ya chungwa, kama unga uliochekechwa. Moyo umetulia. Kutu ikija kwa mabaka, ujue dawa ilikuwa nyingi au unyevu umezidi, na chuma kitabaki na vishimo.

Saa 1. Nasugua kwa pamba ya chuma iliyotolewa mafuta yote, mkono mwepesi, nikifuata urefu wa mtutu. Unga mwekundu unadondoka, chini yake panabaki kahawia iliyoshika.

Saa 3 simu inaita. Ni mwenye gobore.

"Fundi, nimebadili nia. Nitie buluu, ing'ae kama kioo."

"Mzee wangu, buluu ya namna hiyo inatokana na kuchemsha chuma kwenye chumvi za soda kostiki, nyuzi joto 140 hivi. Hiyo ni rangi ya bunduki za karne ya 20. Ukilivisha gobore rangi hiyo, kila anayezijua bunduki hizi ataona haiendani nalo."

Amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama basi buluu ni kosa. Hapana, na sikutaka aondoke na dhana hiyo. Mafundi wa karne ya 18 walikuwa wakifukia vyuma kwenye makaa ya moto vikatoka buluu nzuri mno, ila nyembamba, inayofutika kwa kushikwashikwa. Kahawia nayo ina heshima yake: bunduki ya Baker, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1800, mtutu wake ulitiwa kahawia. Chuma kilichong'arishwa kinamulika juani, na mnyama au adui anakuona kabla hujamwona. Nimemwomba aje aangalie kwa macho yake.

Saa 5. Zamu ya mtutu wa pili, ambao mwenyewe, mteja mwingine, aliomba buluu ya kutu. Umeshaota kutu kama ule wa kwanza, kwa dawa ileile. Nautumbukiza kwenye birika refu la maji ya mvua yanayotokota, kwa sababu maji yenye chumvichumvi huacha madoa. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Ile chungwa inaingia giza taratibu, kuanzia kwenye kingo, na baada ya dakika chache mtutu mzima ni mweusi kama mahameli. Ni kutu ileile, ila maji ya moto yameigeuza kuwa magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma. Nikiusugua, unabaki weusi wenye ubuluu kwa mbali, usiomulika.

Ndiyo maana namhimiza mteja aamue mapema. Kahawia ukiichemsha inakuwa nyeusi, na kuirudisha ni kukwangua hadi chuma kitupu.

Saa 8 mchana nimeuma meno. Karibu na mdomo wa mtutu huu wa pili pana alama ya kidole, changu mwenyewe, kwa kuushika bila glavu kabla ya kupaka dawa. Mafuta ya ngozi yamezuia kutu, pamebaki doa jeupe lenye mistari ya kidole. Hakuna kuziba kiraka. Nimerudi kwenye msasa, upande wote, na siku 2 za kazi zimekwenda.

Saa 10 mzee amefika. Nimempeleka nje kwenye mwanga na kumwekea mitutu yote miwili kando ya kitako cha gobore lake, cha mti wa mepo (maple). Amekaa muda akitazama, akasogeza ule wa kahawia karibu na mbao, akautoa, akausogeza tena.

"Huu," amesema. "Usiuchemshe."

Saa 12 jioni nimekagua vizibo vya mbao kwenye ncha zote mbili, dawa isije ikaingia kwenye mistari ya ndani inayozungusha risasi, nikapaka mara ya 4: mpapaso mmoja mrefu kila upande, bila kurudia. Mtutu umerudi sandukuni, na glavu nimezitundika mlangoni kwa ajili ya asubuhi.