Kelele za Nagasaki

Bibi alifariki Machi. Mimi niko Fukuoka, Japani, mitihani imenibana, nauli ya kurudi Tanga sina. Mazishi niliyafuata kwenye simu: binamu yangu kainua kamera juu ya vichwa vya watu, naona migongo ya kanzu na majani ya mwembe, mtandao unakatika kila dua inapokolea. Ilipokwisha nikafunga simu, nikarudi kwenye daftari. Sikulia.

Agosti nikapanda basi kwenda Nagasaki, safari ya saa mbili na ushee, kutembea tu. Mji umekaa kama bakuli: maji ya bandari chini, nyumba zimeparamia milima pande zote, na tramu zinajikokota katikati. Nilianzia Dejima, kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono, chenye umbo la upepeo, kilichokamilika 1636. Kuanzia 1641 wafanyabiashara wa Kiholanzi waliwekwa humo kwa zaidi ya miaka mia mbili, na njia ya kuingia mjini ilikuwa daraja moja. Mimi mtoto wa pwani nilitegemea mawimbi. Nikakuta kituo cha tramu! Bahari imefukiwa siku nyingi, kisiwa kimezungukwa na mji. Ndani kuna vyumba vya mikeka vilivyopangwa viti na meza za Kizungu, nikacheka peke yangu.

Tarehe 9 nilikuwa upande wa Urakami, kwenye hekalu la Sanno. Lango lake la mawe limebaki na mguu mmoja. Ule mwingine uliangushwa na bomu la atomiki la 1945. Saa tano na dakika mbili asubuhi, dakika ileile lilipolipuka, king'ora kikalia, kengele za kanisa nazo zikagongwa. Mama mmoja aliyekuwa na mfuko wa mboga akauweka chini, akainamisha kichwa. Ving'ora vilipokoma zikabaki nyenze mitini. Bomu lile lilikusudiwa mji wa Kokura, wingu likaifunika Kokura, ndege ikageukia huku. Kokura huwa nabadilishia treni.

Mwenye nyumba ya wageni, bibi wa miaka themanini hivi, alinisikitikia nilipomwambia narudi Fukuoka tarehe 12. "Utaondoka kabla ya mashua?" Akanisimulia pia Kunchi, tamasha la hekalu la Suwa, tarehe 7 hadi 9 Oktoba, lililoanza 1634. Joka la Kichina linacheza, majahazi yenye magurudumu yanazungushwa mpaka wavutaji wanalowa, watu wanapiga kelele "Motte koi!" ili warudie. Mitaa hupokezana, kila mmoja zamu yake hufika baada ya miaka saba. Kuyaona yote, akasema, njoo kila Oktoba kwa miaka saba. Nikaahirisha safari, nizisubiri hizo mashua.

Tarehe 15 jioni ndiyo Shoro Nagashi. Familia iliyofiwa tangu Agosti iliyopita inaunda mashua ya mbao na mianzi, inaipamba taa za karatasi, inatundika picha ya marehemu, kisha inaikokota barabarani hadi gatini ili roho irudi ilikotoka. Nilidhani nitaona maombolezo ya kunong'ona. Kumbe fataki! Si moja moja: wanatia moto maboksi mazima, barabara inajaa moshi, lami inageuka nyekundu kwa makaratasi. Yule bibi wa nyumba ya wageni alikuwa amenipa vizibo vya masikio, nikadhani ni utani. Wanasema mlio unasafisha njia ya marehemu. Gongo linalia, wavutaji wanaitikia "doi, doi", vijana wanacheka, polisi wanaongoza foleni ya mashua kama ya magari.

Mashua moja ndogo ilisimama mbele yangu. Wavutaji wanne tu. Picha ilikuwa ya mzee mwenye kofia ya uvuvi, anacheka na jino limetoka, chini yake kopo la bia. Mjukuu wake, miaka kumi labda, alirusha fataki tatu kwa uangalifu mkubwa, akaziba masikio kabla hazijalia. Nikawafuata.

Siku hizi mashua haziachiwi baharini. Gatini wakamteremsha mzee kwenye fremu yake, wakachukua taa mbili, wakafumba mikono. Kisha katapila likashusha kucha, likaibana ile mashua katikati. Mianzi ilipopasuka yule mtoto alimgeuza babu yake, picha ikatazama kifuani kwake, asione.

Hapo ndipo nililia, tena kwa sauti. Hakuna aliyegeuka, nani angesikia?

Nikampigia mama. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri. "We mwanangu," akasema, "hiyo milio ni ya nini, kuna vita huko?" Nikamwambia hapana mama, wanasindikiza. Akanyamaza kidogo. "Basi isogeze simu, nisikie."